Kulala Ruaha Mbuyuni

Vyombo vimeondolewa, limebaki birika.
Nje, Uyole inanyesha ile mvua yake nyembamba isiyo na haraka,
nami nimegeuza kalenda ya mwaka jana mgongo juu,
penseli mkononi kama karani wa mahakama ya mwanzo.

"Andika," anasema Baba. "Saa kumi na moja alfajiri, gari limewaka.
Si na robo. Chimala tuipite kabla jua halijatukaa machoni."
Naandika Chimala.
"Igawa mwendo hamsini, pale wana tochi,
trafiki anajibanza nyuma ya kichaka kama mtu mwenye shida zake."
Naandika tochi.
"Makambako chai. Mlango wa gari ushike kwa mikono miwili,
upepo wa pale una deni na kila mtu.
Nyororo usisimame. Mafinga mafuta."
Mkono wake wa kushoto unabadilisha gia hewani,
tatu, nne, tano,
miaka minane tangu arudishe funguo za Skania.
"Iringa tutalala. Kuna baridi ya heshima, kuna maji ya moto.
Kesho yake Kibaha, kipaimara cha mjukuu, tumefika."

Mama yupo sakafuni anapanga ndizi kwenye kiroba,
mchele wa Kyela chini, parachichi juu, gazeti katikati.
Hajainua kichwa.
"Tulale Ruaha Mbuyuni."

Baba anacheka. "Ruaha? Joto la pale ni tanuri!
Mbu wake wakibisha hodi wameshaingia.
Pale wanalala madereva wa malori."

"Ndiyo," anasema Mama.
"Miaka kumi na tisa ulilala hapo. Joto hukulisema."

Penseli imesimama kwenye herufi ya I.

Lugano amezaliwa, gari limelala Ruaha.
Paa la jiko limeng'olewa, gari limelala Ruaha.
Bibi amezikwa, springi imekatika, gari limelala Ruaha,
halafu linakuja gunia la vitunguu, vyekundu, vikavu,
linashushwa mlangoni bila maelezo,
na Mama anakata, anakaanga, anafuta macho,
wala hakuna anayeuliza, maana ni vitunguu.

"Mimi mwisho wangu Makambako," anasema, "tena msibani.
Simtafuti mtu.
Kama alikuwepo mtu, naye sasa ana magoti kama haya yangu.
Nataka kuona dirisha.
Nijue ulikuwa ukiamka unaangalia nini."

Mkono wa gia umeshuka chini ya meza.
Mvua inahesabu bati.
Nasikia parachichi likiviringika, likigonga mguu wa kiti, likitulia.

"Linatazama mto," anasema Baba, baadaye sana.
"Na gereji."

"Basi tutatazama mto. Na gereji."

Nafuta Iringa. Kifutio kimeng'ang'ania hadi karatasi ikatoboka,
na kwenye tundu, upande wa pili,
naona jino moja la yule dada wa benki anayecheka Januari yote.

"Kitonga," anaendelea Baba, sauti yake imeshuka gia,
"tuishuke kabla ya saa kumi jioni.
Namba mbili. Mguu usilale kwenye breki.
Kuna kona moja, ukishaimaliza, hewa inabadilika ghafla,
kama mtu amefungua mlango wa jiko."
Ananitazama mimi, maana mimi ndiye nitakayeendesha.
Mama anajibu:
"Hapo mbele nitakaa mimi. Wewe utakaa nyuma na ndizi."

Ya siku ya pili hatukuyapanga.
Mikumi, Morogoro, Kibaha: nimeyaandika chini kabisa, bila saa,
nikijisemea wanyama watavuka watakapovuka.

Baba amekwenda kukagua matairi gizani, kwenye mvua,
matairi aliyoyakagua mchana.
Mama ameingia chumbani, ametoka na chandarua,
futi sita kwa sita,
amekifungua mbele ya taa akitafuta tundu,
amekikunja, akakiweka juu kabisa ya begi,
pasipo kusema kitu,
mahali pa kufikiwa upesi.